Mwizi wa Mtihani wa Khisa

Mume wangu Khisa alikuwa askari wa chifu kule Malinya tangu kabla ya Uhuru, na miaka hiyo yote hakuwahi kumkamata mtu. Msicheke. Angemkamata nani? Huyu ni binamu yake, yule walitahiriwa pamoja, yule mwingine ni ndugu wa mke wake, yaani ndugu yangu mimi. Mtu akikosa, Khisa alienda kwake, akakaa, akapewa chai, akamwambia, "Bwana, hii tabia si nzuri," na mambo yakaishia hapo. Siku za kupiganisha mafahali yeye ndiye aliyesimama mbele kuwazuia watu kwa fimbo, kofia imekaa sawasawa, kaptura imepigwa pasi hadi inakata. Pasi ya nani? Yangu. Basi hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake na aliipenda.

Uhuru ukaja. Tuliimba mpaka sauti zikakauka, na kabla hazijarudi ikaja amri kutoka mjini Kakamega: kila askari anayetaka kubaki kazini afanye mtihani wa Kiingereza. Tena si Kiingereza cha kusalimiana. Kiingereza cha uhalifu! Asimame mbele ya mtahini aeleze mhalifu alifanya nini, alikwenda wapi, na yeye askari aliona nini. Atakayefaulu atashonewa tepe begani. Atakayeshindwa atarudisha kofia, na nyumba ya kambi aiachie mwingine.

Nikamwambia, "Baba Masinde, yaani tumepata Uhuru ndio tunaanza Kiingereza? Si wangetuambia wakati wenyewe walikuwa wamejaa hapa wanakiongea bure?" Alikuwa anaitazama nyumba yetu, ile ya bati, chumba kimoja na jiko, mahali watoto wetu wote walipozaliwa. Nikanyamaza. Hata mimi najuanga kunyamaza mara moja moja.

Masomo yalikuwa Jumamosi mchana, kwenye ukumbi mmoja mjini. Mwalimu aliitwa Bramwel, kijana aliyekuwa ametoka chuoni juzi tu, suruali imembana, chaki hadi kwenye nyusi. Khisa alienda kwa baiskeli, na akirudi alinikalisha chini anifundishe, maana Bramwel alikuwa amewaambia kwamba neno usiloweza kumfundisha mwingine bado si lako. Kwa hiyo mimi, mke wa nyumbani, nikiwa nasonga obusuma, ugali wetu, nilijua majina yote ya wezi wa Uingereza.

Na ni wengi, haki ya Mungu! Sisi tuna mwizi, basi. Wao anayeiba mchana ana jina lake, anayevunja nyumba ana lake, anayekupiga kwanza ndipo achukue ana lake, anayetia mkono mfukoni mwako ana lake. Nikamuuliza Khisa, "Hao watu wanakaaje huko kwao? Kwa nini wasihame?" Akasema ndiyo maana walihamia huku.

Halafu kulikuwa na mambo ya jana. Kiingereza hakikai kimoja. Neno la kuiba leo ni stil, jana limekuwa stol, likikaa kidogo tena ni stolen, kama maziwa yanavyoganda. Na kwa kuwa ushahidi wote ni wa mambo yaliyopita, Bramwel aliwafundisha ya jana peke yake. Khisa hakuweza kuomba maji kwa Kiingereza hata angekuwa anakufa kwa kiu, lakini aliweza kukueleza vizuri kabisa kwamba aliyanywa.

Taabu ilianza Bramwel alipowaeleza jinsi mtihani utakavyokwenda. Kila askari aje na mwizi wake. Mwizi aibe kitu mbele ya mtahini, askari amkamate, kisha asimame aeleze yote kwa Kiingereza. Kwa watu wa mjini hilo lilikuwa jambo dogo, mtu anamchukua jirani, wanacheka, wanarudi nyumbani. Lakini kwetu? Nani atakubali kusimama kambini mbele ya watu aitwe mwizi, hata kwa mchezo? Jina kama hilo likikushika halitoki. Watakuimba uwanjani kwenye mafahali, wewe na watoto wako, mpaka meno yakung'oke.

Khisa akaanza kutafuta mwizi. Alikwenda kwa Ishaq, mtu wa Mumias aliyekuwa na duka la nguo pale sokoni.

"Asalaam aleikum, Ishaq. Ndugu yangu, nina shida. Nakuomba uibe kidogo."

"Waaleikum salaam. Niibe nini?"

"Chochote. Mimi nitakukamata pole pole."

"Astaghfirullah! Askari gani huyu anayeombaomba wizi?" Ishaq akafunga duka, na jua bado liko utosini.

Akaenda kwa wachimba dhahabu. Hao hawakungoja hata salamu, walitimua mbio wakaacha karai zao. Alikwenda kwa wapika chang'aa, akaenda kwa yule jamaa ambaye kila mtu alijua anakataga mahindi ya wenzake shambani. Wote wakaona ni mtego. Habari ikaenea kwamba Khisa sasa amekuwa mkali, anatembea nyumba kwa nyumba anatafuta wezi, na Malinya nzima ikashika adabu. Hata kuku waliopotea kitambo walianza kurudishwa. Chifu akamsifu mbele ya baraza kwamba amemaliza uhalifu, na Khisa akakaa pale kwenye benchi, amejishika kichwa, karibu alie. Mtihani ulikuwa umekaribia.

Hapo ndipo mama yangu alipoingia. Mama aliitwa Kageha, alikaa ng'ambo ya kijito, mjane, mfupi, mdomo mrefu. Mnashangaa mimi nimetoa wapi huu wangu? Basi ni huko. Na kwetu mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani. Hawataji majina, hawapeani mkono. Wakikutana njiani mmoja anaingia kichakani. Siku moja Khisa alikutana naye darajani, hakuna kichaka, na mume wangu akaingia mtoni na baiskeli yake, akasimama humo maji yakiwa kiunoni, amegeuka, mpaka mama alipopita.

Kuna njia ya kuuondoa mwiko huo. Mama mwenyewe akitaka, anapika kuku, anamtilia mkwe wake mikononi. Kuku akishapokewa, imekwisha, mnakuwa mama na mtoto. Mimi nilikuwa nimemwomba mama tangu Masinde hajaota meno. Kila mara jibu lilikuwa lile lile: "Kuku yangu nimpe askari asiye na tepe? Huyo ni mtu aliyeazima nguo. Kwanza apate tepe."

Nikamwendea. Alikuwa anachambua maharagwe. Nikamweleza habari za mtihani, naye akaendelea na maharagwe yake kama mtu anayesikia habari za Nairobi. Nikasema, "Akishindwa tunatolewa kambini."

"Mtaenda wapi?"

"Tutakuja hapa."

Mikono ikasimama. "Hapa kwangu? Na yeye?"

"Na yeye. Na watoto. Na baiskeli."

Mkwe kuhamia kwa mama mkwe! Hata leo ni aibu, siku zile je? Mama akatazama nyumba yake, akatazama ua, akahesabu vichaka vya kujifichia akaona havitoshi. Akasema, "Nitaiba mimi."

Tukaanza mazoezi uani kwangu, na nawaambia sijawahi kuona mambo kama yale. Khisa amesimama anatazama ghala la mahindi, mama amekaa anatazama barabara, mimi katikati kama posta.

"Mama Masinde, mwambie mwizi aibe sasa."

"Mama, iba."

"Mwambie huyo askari nimeshaiba zamani. Yeye analala."

"Baba Masinde, ameshaiba."

"Mwambie asimame, nimemkamata."

"Mwambie aje anikamate basi, kama ni mwanamume!"

Hakuweza kumkamata, angemgusaje? Tukakubaliana atashika kapu. Mama atabeba kapu, Khisa akishika mkono wa kapu hiyo ni kama amemshika mtu. Na kwenye kutoa ushahidi, neno la kusema "nilimwona" lilimkwama kooni kila mara. Bramwel alikuja akaona, akakuna kichwa, akasema basi aanze na kapu, aeleze kapu lilivyokuwa, huenda mtahini akachoka kabla ya kufika kwa mwenye kapu.

Siku yenyewe ikafika. Meza iliwekwa uwanjani kambini, juu yake kitambaa. Mtahini alikuwa Mzungu aliyebakiza siku chache arudi kwao, mrefu, amepewa kiti kifupi, magoti yamemfika karibu na masikio. Pembeni yake chifu. Bramwel na askari wengine nyuma, na sisi watu wa kambi kwenye nyasi. Nilikuwa nimemfunga tetea wangu kwenye mguu wa meza, mama ndiye angemwiba. Khisa amenyooka, anatazama bendera. Kaptura, pasi yangu.

Mama akatokea na kapu lake limefunikwa kitambaa. Akapita karibu na tetea, hata hakumwangalia. Akatembea mpaka mbele ya meza akasimama. Ndipo kitu kikawika ndani ya kapu.

Chifu akasimama kama aliyekalia moto. "Huyo ni jogoo wangu!"

Na kweli alikuwa jogoo wake, yule mwekundu mwenye upanga wa kichwani uliolala upande mmoja. Chifu alimpenda kama watu wengine wanavyopenda fahali la kupigana, alikuwa anamtafuta tangu asubuhi. Nikamsogelea mama, nikamnong'oneza, "Mama, umefanya nini?"

"Nimeiba," akasema. "Si mlinituma? Kuku ya mtoto wangu nikichukua hiyo si wizi, ni mchezo. Mzungu si mjinga, angejua. Mimi nikiiba naibanga kweli."

Mzungu naye alifurahi mno. Alidhani chifu anaigiza. Chifu alivyozidi kufoka ndivyo Mzungu alivyozidi kutikisa kichwa akisema veri gud, veri gud, hajaona kambi iliyojitayarisha namna hii. Ilibidi chifu ainame amweleze sikioni kwamba hakuna mchezo hapo, jogoo ni wake na ameibwa. Uso wa Mzungu ukabadilika. Akamgeukia Khisa, kalamu mkononi, na kuanzia hapo mtihani na kesi vikawa kitu kimoja.

Akamuuliza kwa Kiingereza, "Askari, ulimwona aliyemwiba jogoo huyu?"

Khisa anatazama bendera.

"Ni nani? Jina lake?"

Nilimwona mume wangu jasho linamtiririka shingoni. Alihitaji kusema maneno mawili tu. Nilimwona, fulani. Angepata tepe, angebaki na nyumba, na mama yangu angelala jela ya Kakamega. Sitawadanganya kwamba nilijua ninachotaka. Nilitaka nyumba, nilimtaka na mama, nilitamani ardhi ipasuke immeze yule jogoo.

Khisa akafungua kinywa. Kiingereza kikatoka kama maji ya bomba. Alisema: Bwana, sikumwona mtu. Mimi ndiye niliyemwiba. Asubuhi nilikwenda nyuma ya nyumba ya chifu, nikafungua banda, nikamchukua jogoo, nikamficha ndani ya kapu la mama huyu mzee. Yeye hakujua.

Hakukosea hata neno moja. Yote ya jana, yamekaa mahali pake. Nyuma kule Bramwel alikuwa akihesabu kwa vidole, machozi yanamlengalenga, na Khisa alipomaliza akapiga makofi peke yake kabla ya kukumbuka alichokuwa amekisikia.

Mzungu akaandika kwamba askari Khisa amefaulu Kiingereza vizuri sana. Kisha akafungua ukurasa mwingine akaandika kwamba askari Khisa amekiri wizi. Akasema afungwe.

"Nani yuko zamu ya seli?" chifu akauliza.

"Ni mimi, bwana," akasema Khisa.

Akatoa ufunguo kiunoni, akatembea mwenyewe mpaka seli, akaingia, akapitisha mkono kwenye vyuma akajifungia kwa nje. Kisha akaniita. "Mama Masinde, nisaidie kuutundika ufunguo pale kwenye msumari wake. Kutoka hapa siufikii." Nikautundika. Mimi mwenyewe, kwa mkono huu!

Nilikwenda kwa mama na hasira ambazo sijawahi kuwa nazo tena. Nilivuka kijito bila kukunja nguo. Nilikuwa nimeshayapanga maneno yote, mengine hayasemwi kwa mzazi. Nikamkuta jikoni, manyoya mekundu yamejaa sakafuni, sufuria inachemka. Maana katika ile ghasia mama alikuwa amechukua kapu lake akaenda zake, na nani angemzuia? Si amesemwa hana hatia?

"Mama! Hicho ni kidhibiti!"

"Leta chumvi," akasema. Nikaelewa kuku ni ya nani, na maneno yangu yote yakaniisha. Nikampa chumvi.

Alibeba chakula kichwani mchana peupe, akapita katikati ya kambi, akapita mbele ya nyumba ya chifu, mimi nyuma yake. Akafika kwenye dirisha la seli. Khisa alipoziona nguo zake akageuka upesi akatazama ukuta.

"Khisa," mama akaita.

Alikuwa hajawahi kulitaja jina hilo. Mgongo wa mume wangu ukashtuka.

"Khisa, geuka. Nimekuja na ingokho, kuku yako."

Hakugeuka. Akaniambia, "Mama Masinde, mwambie sina tepe."

"Jescah, wewe nyamaza!" mama akaniwahi. "Khisa mwanangu, geuka, sufuria inaniunguza."

Ndipo akageuka. Akamtazama, uso kwa uso, akapokea kuku kwa mikono miwili kati ya vyuma, na mume wangu, mtu wa kuzuia mafahali, akalia kama mtoto. Mama akamchagulia firigisi akampa, kwa sababu firigisi ni ya mwenye mji.

Chifu alikuja akifuata harufu. "Kidhibiti kiko wapi?" Khisa akainua mfupa. Chifu aliruka, akatukana, akasema atatufunga wote watatu, lakini macho yake hayakutoka kwenye sufuria. Mama akampa paja. Akalila huku analaumu, akalamba vidole huku analaumu, na alipomaliza akakumbuka kwamba mtu hawezi kushtaki kwa nyama aliyoila mwenyewe. Akachukua ufunguo msumarini akafungua mlango.

Lakini karatasi ya Mzungu ilikuwa imeshaondoka. Jibu lilipokuja lilisema Khisa amefaulu na Khisa amefukuzwa. Tukahamia kwa mama, watoto, sufuria na baiskeli, jambo lile lile ambalo aliiba jogoo ili lisitokee. Watu walicheka mpaka wakachoka. Mama hakucheka wala hakulalamika, alisogeza mbuzi wake akatupa nafasi ya kujenga.

Na jina likamshika Khisa, kama tulivyojua. Uwanjani Malinya walimwimba, mwizi wa jogoo, ile kofia ilikuwa ya kufichia mayai. Masinde alipigana shuleni mara nyingi kwa sababu ya wimbo huo. Khisa aliendelea kwenda kwenye mafahali na fimbo yake mwenyewe, akisimama mbele kuwazuia watu, hakuna aliyemtuma wala aliyemfukuza, na alipoimbwa alitazama mbele. Mama alisema mara nyingi, "Nitakwenda barazani niwaambie ni mimi." Khisa akamjibu, "Mama, kesi ilikwisha. Kunywa chai." Walipendana, wale wawili. Walikaa jioni uani wanagombana kwa Kiingereza cha jana, mimi napika. Lakini Khisa hakulitaja kamwe jina la mama. Alikuwa amezoea.

Mama alipokufa watu walijaa. Chifu yule alikuwa amestaafu, akaletwa kwa mkono, akapewa kiti. Waliosema walisema, watoto, wajukuu, kanisa. Kisha Khisa akasimama bila kuitwa. Mzee sasa, koti limemzidi. Akaunganisha visigino kama siku ile, lakini hakutazama bendera, na bendera haikuwepo. Alitazama jeneza. Akaanza kwa Kiingereza, kisha akaona watu hawaelewi akarudia kwa Kiswahili, polepole, kila mtu asikie.

"Asubuhi ile Kageha alimwiba jogoo wa chifu. Nilimwona. Mtahini aliniuliza nikasema sikumwona, nilisema uongo. Nilimwona akitoka kwenye banda, amemkumbatia jogoo, anakimbia, mwanamke wa umri ule, anakimbia kwa ajili yangu. Niliuona uso wake wote. Ni Kageha. Nilimwona."

Chifu mzee alifuta macho akasema, "Alikuwa mtamu, yule jogoo." Khisa alikuwa bado amesimama, visigino vimeungana, anangoja, kama bado kuna mtu wa kuandika.

Nikamshika koti. Nikamwambia, "Kaa chini, Baba Masinde. Umefaulu."